Anayetega Ndiye Anayepimwa: Mchezo wa "Mimi ni Nani?" wa Wanafunzi wa Gisozi

Tunapotazama mashindano ya maswali kwenye televisheni, macho yetu huwa kwa anayejibu. Tunamhesabia alama, tunamhurumia akikosea, na kesho yake tunasimulia alivyoshinda. Aliyetunga swali hatumwoni. Swali huja kana kwamba limeanguka lenyewe kutoka katika kamusi. Makala haya yanamtazama huyo asiyeonekana. Nitachunguza mchezo ambao sisi wanafunzi tunaoishi Gisozi, mashabiki wa kipindi cha Kifaransa cha Questions pour un champion, tunaucheza kwa Kiswahili katika simu zetu. Nina madai mawili. La kwanza, swali la mchezo huu ni utungo, na linastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki shairi au hadithi fupi. La pili, mchezo ulikuwa mzuri pale tulipompima mtungaji, na umeanza kuharibika tangu tulipoanza kumpima mjibuji peke yake.

Nianze na kipindi chenyewe. Questions pour un champion kilianza nchini Ufaransa mwaka 1988, kikiwa kimechukua umbo lake kutoka Going for Gold, kipindi cha Kiingereza ambacho BBC ilianza kukirusha mwaka 1987. Kwa miaka mingi mtangazaji wake alikuwa Julien Lepers, hadi mwaka 2016 alipompisha Samuel Étienne. Kupitia TV5Monde, kipindi hiki kimeingia katika nyumba nyingi za Afrika ambako Kifaransa kinasikika, Rwanda ikiwemo. Wazazi waliosoma kwa Kifaransa walikifuata bila shida. Sisi tuliosoma baada ya uamuzi wa serikali wa mwaka 2008, uliofanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, tulikikuta sebuleni kama tulivyokikuta Kifaransa chenyewe: ni cha wazee, na tunakielewa nusunusu.

Washiriki huwa wanne. Katika hatua ya kwanza, watatu wanaotangulia kufikisha alama tisa ndio wanaoendelea. Katika hatua ya pili, kila mmoja huchagua mada na kujaribu kujibu maswali manne mfululizo ndani ya sekunde 40. Wawili wanaobaki hukutana ana kwa ana. Hatua hii ya mwisho ndiyo iliyotuvutia. Mtangazaji husoma swali refu ambalo mara nyingi huanza kwa maneno yenye maana ya "Mimi ni". Dokezo la kwanza huwa gumu, la mwisho huwa jepesi. Anayejibu mapema hupata alama 4. Kadiri swali linavyoendelea kusomwa alama hushuka hadi 3, 2, kisha 1. Anayetangulia kufikisha 12 ndiye mshindi.

Ufaransa kuna klabu za mashabiki wanaokutana na kucheza kwa vitufe kama vya kwenye televisheni, bila kamera na bila fedha. Sisi hatuna vitufe. Tuna kundi la WhatsApp lililoanza na wanafunzi sita wa bweni moja, na sasa tumefika ishirini na tisa. Kila siku saa tatu usiku mmoja wetu, kwa zamu, huandika swali lenye madokezo manne, na kati ya dokezo na dokezo hupita dakika mbili. Majibu hutumwa kwa mtungaji faraghani, ili anayepata asiwaharibie wengine. Swali ni lazima liwe kwa Kiswahili. Utani unaofuata hauna lugha maalumu: Kinyarwanda, Kiswahili, Kiingereza, na Kifaransa cha kuazima.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataona hapa sura anayoijua. Vitendawili vingi vya Kiswahili husema kwa nafsi ya kwanza: nyumba "yangu", babu "yangu", shamba "langu". Huanza kwa mwaliko na itikio: "Kitendawili!" na "Tega!" Kinyarwanda nacho kina "Sakwe sakwe!" na "Soma!" Katika kundi letu mtegaji akiandika "Kitendawili", hakosi wa kumjibu "Soma!", na hakuna anayeshangaa. Hatukuleta kitu kigeni mtandaoni. Tulichofanya ni kuchukua umbo lililokuja na setilaiti kutoka Paris tukalikalisha juu ya kiti kilichokuwepo tayari.

Lakini kiti hicho kina sheria zake, na sheria moja inapingana kabisa na televisheni. Katika televisheni, aliyeshindwa hushukuriwa na kuondoka. Katika kitendawili, walioshindwa humpa mtegaji mji. "Nipe mji." "Nakupa Mombasa." Mtegaji huenda Mombasa kwa maneno, husimulia alivyopokelewa na alichokula, ndipo atoe jibu. Kushindwa kwa wengi kunazaa hadithi, na zawadi ni ya aliyetega. Kundi letu lilirudisha desturi hii bila mtu kuipendekeza. Usiku mmoja swali lilitushinda wote, tukampa mtegaji Rusizi. Aliandika kwamba alipanda basi, na walipofika msitu wa Nyungwe nyani walilisimamisha wakataka jibu; yeye akakataa, akisema jibu ni la watu wa Gisozi waliolipa mji. Sijawahi kuona mshiriki wa televisheni akifurahia kushindwa kama tulivyofurahi usiku ule.

Sasa niende kwenye maswali yenyewe. Nimechagua matatu, nikiwa na ruhusa ya watungaji wake. La kwanza ni hili:

"Mimi ni mwandishi ambaye nilizaliwa katika mwaka wa 1802 katika mji wa Besançon. Nilikuwa mwanachama wa bunge. Niliishi uhamishoni katika kisiwa cha Guernsey. Niliandika Les Misérables. Mimi ni nani?"

Jibu ni Victor Hugo. Hakuna kosa la ukweli hapa, na wengi walipata. Hata hivyo, baada ya jibu kutolewa kundi lilinyamaza hadi kesho yake. Kwa nini? Jaribu kuondoa "mimi" uweke "yeye": "Alizaliwa mwaka 1802, alikuwa mbunge, aliishi uhamishoni." Hakuna kilichopotea. Nafsi ya kwanza imevikwa habari za ensaiklopidia kama koti la kuazima. Pili, madokezo yamepangwa kwa mfuatano wa maisha, na hayajengani. Anayejua Besançon amemaliza. Asiyeijua hana cha kufikiri, anangoja tu dokezo la nne. Tatu, sentensi zenyewe zinanukia lugha nyingine. Mswahili husema "nilizaliwa Besançon mwaka 1802". Hizo "katika" mbili na "ambaye" zimepakuliwa pamoja na habari. Swali hili limetafsiriwa, halikutungwa.

La pili lilitoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu:

"Nilizaliwa Fumba, nikazunguka na vyungu vya kuuza. Kabla mteja hajaviona vyungu, alikuwa amekwisha kunisikia. Mwaka 1928 nilivuka bahari hadi Bombay, na nilichokwenda nacho hakikuhitaji sanduku. Mshairi wa Tanga aliandika wasifu wangu. Mimi ni nani?"

Huyu ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyekwenda Bombay kurekodi santuri, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Tazama kazi iliyofanyika. Neno "sauti" halimo katika swali zima, lakini kila dokezo linaizunguka. Sauti ndiyo iliyouza vyungu, na sauti ndiyo iliyosafiri bila sanduku. Msikilizaji anaweza kufikiri: ni kitu gani mtu hukibeba baharini bila mzigo? Hapa nafsi ya kwanza inastahili nafasi yake, kwa sababu mtu aliyejulikana kwa sauti anasikika akisema. Udhaifu wake ni mmoja. Tulipoulizana, wengi walijibu baada ya kusoma "mshairi wa Tanga", kwa kuwa Shaaban Robert anafundishwa darasani kwetu. Swali limetungwa vizuri, lakini limetungwa kwa ajili yetu tunaosoma Kiswahili. Wenzetu wa uhasibu na sheria walibaki mlangoni.

La tatu lilitungwa na mmoja wa hao wa uhasibu:

"Nikiwa nyumbani nina jina moja, nikifika mpakani napewa jingine. Walionifuata kurudi nyuma, hatua kwa hatua, walikuwa wakimtafuta mwingine. Misri wananinywa bila kunijua. Ukitoka Kigali kwenda Muhanga unanivuka, nami nimevaa rangi ya udongo. Mimi ni nani?"

Jibu ni mto Nyabarongo, ambao karibu na Ziwa Rweru huanza kuitwa Akagera, na ambao maji yake huingia Ziwa Viktoria kisha Nile. Waliokuwa "wakimtafuta mwingine" ni wapelelezi wa Kizungu kama Richard Kandt, Mjerumani aliyefika kutafuta chanzo cha Nile miaka kadhaa kabla ya kuanzisha kituo cha Kigali mwaka 1907. Kwangu hili ndilo swali bora ambalo kundi limepata. Kila dokezo ni fumbo linaloweza kufikiriwa na mtu yeyote: ni kitu gani hubadilisha jina kinaposafiri? Dokezo la mwisho, lile jepesi, halihitaji kitabu; linahitaji mtu aliyewahi kupanda basi akachungulia dirishani. Aliyelijibu kwa alama nyingi kuliko wote ni mwenzetu wa Muhanga ambaye hajapata kuongoza katika swali lolote la vitabuni. Tena lilizua ubishi wa kweli. Mmoja alijibu "Akagera" kwenye dokezo la kwanza na kudai alama 4. Je, mto ukibadilika jina ni mto uleule? Tulibishana hadi saa sita usiku, kwa Kiswahili, na hakuna aliyekuwa akisomea mtihani.

Swali hilohilo lilileta jambo zito zaidi. Nyabarongo una kumbukumbu ambayo mtungaji hakuigusa. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 watu waliuawa na kutupwa mtoni humo, na maji yakawabeba hadi Ziwa Viktoria. Sisi tunaishi Gisozi. Ukumbusho wa Kigali, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000, uko kwenye kilima hikihiki, na wengi wetu hupita karibu nao tukienda masomoni. Mwenzetu mmoja aliuliza, kwa upole, kama ni sawa kuupa mto huo nafsi ya kwanza kisha kuufanya useme habari za majina na rangi tu. Je, hapo hatujaupamba?

Nimelifikiria swali lake kwa muda mrefu, kwa kuwa ni swali la uhakiki hasa: nafsi ya kwanza inaruhusiwa kusema nini? Maoni yangu ni kwamba mtungaji alifanya haki, na sababu iko katika umbo la mchezo. Kila dokezo lina bei. La kwanza ni alama 4, la mwisho ni 1. Kitu kikiwekwa ndani ya swali, kimewekewa alama, na kuna atakayeshangilia kukipata mapema. Kuna mambo ambayo hatuwezi kuyawekea bei hiyo, na kuna sauti ambazo hatuna idhini ya kuziazima. Lakini kunyamaza ndani ya swali hakumaanishi kunyamaza baada yake. Usiku ule, jibu lilipokwisha kutolewa, utani ulikoma wenyewe na mazungumzo yakaenda yalikopaswa kwenda. Swali liliacha nafasi, na watu waliitumia. Tangu hapo tuna kanuni isiyoandikwa: hakuna dokezo linalotoka katika historia ile, na kuanzia tarehe 7 Aprili, wakati wa Kwibuka, mchezo husimama.

Wasomaji watauliza kuhusu udanganyifu. Simu inayoleta swali ndiyo iliyo na Google. Tatizo hili si letu peke yetu. LearnedLeague, mashindano ya maswali ya Marekani yaliyoanza mwaka 1997 na ambayo yamewavuta baadhi ya waliowahi kushiriki Jeopardy!, huendeshwa mtandaoni kwa kuaminiana kwamba mchezaji hatatafuta jibu. Uaminifu ni jambo jema, na sisi pia tunautegemea. Ila maswali matatu niliyoyatoa yanaonyesha kwamba kuna kinga nyingine, nayo ni ufundi wa mtungaji. Andika "Besançon 1802" katika mashine ya kutafuta, utapewa Victor Hugo kabla hujamaliza kuandika. Andika "nikifika mpakani napewa jina jingine", hutapata kitu. Fumbo huzuia wizi kwa sababu jibu lake haliko mahali pamoja; liko katika kuunganisha mambo. Kwa hiyo mtungaji anayelalamika kwamba watu wametafuta majibu, kwanza asome tena swali lake.

Sasa nifike kwenye malalamiko yangu. Muhula uliopita kundi lilianzisha jedwali la alama, ambalo hutolewa kila Jumapili na kuonyesha nani anaongoza katika kujibu. Nia ilikuwa njema: kuwachangamsha waliokuwa wamelala. Na kweli, idadi ya wanaojibu iliongezeka. Lakini tazama kilichotokea kwa maswali. Mtungaji naye ni mchezaji, na siku ya zamu yake hawezi kupata alama. Njia pekee ya kujilinda ni kuwanyima wengine. Basi yakaanza kuja maswali yanayotega kwa maana nyingine ya neno hilo. Kiswahili kinatupa kitenzi kimoja kwa kazi mbili: mtu hutega kitendawili, na mtu hutega mtego. Anayetega kitendawili anataka hatimaye kieleweke, na furaha yake iko pale mwenzake anaposema "aa, kumbe!" Anayetega mtego anataka unase. Maswali ya mtego yana dalili moja: dokezo lake la nne ni gumu kama la kwanza. Hivi karibuni tulipata swali ambalo madokezo yake yote manne yalikuwa tarehe.

Hasara ya pili ni kimya baada ya swali. Siku hizi watu hawampi mtegaji mji. Kumpa mji ni kukiri kwamba umeshindwa, na jedwali limefanya kushindwa kuwe na gharama. Afadhali mtu akae kimya angoje Jumapili. Ile safari ya Rusizi na nyani wake isingeandikwa leo. Tulikuwa na mchezo ambao ndani yake kulikuwa na masimulizi. Sasa tuna mchezo wenye hesabu tu. Nao wasio na bando la kutosha, ambao madokezo huwafikia yote manne kwa mpigo, wamebaki chini ya jedwali kwa sababu isiyohusu maarifa yao hata kidogo.

Labda baadhi ya wenzangu watasema huu ni mchezo tu, na uhakiki haufai kupotezewa muda hapa. Naomba tofauti na wao, kwa sababu ya hali ya lugha yenyewe. Bunge letu lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, miaka kumi baada ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zamani hapa Kigali kilihesabiwa kuwa lugha ya Biryogo na Nyamirambo, ya Waislamu na wafanyabiashara. Sasa kina sheria na mitaala. Kinachokosekana ni mahali ambapo kijana wa Kinyarwanda anafikiri kwa Kiswahili bila kulazimishwa. Darasani tunajibu maswali ya Kiswahili ambayo wengine wametunga. Mtihani unatupima kama wajibuji. Lakini anayejua lugha kwa kujibu tu anaijua upande mmoja. Kutunga swali kunadai mengi zaidi: uchague neno lisilofichua mapema, upime msomaji anajua nini, upange sentensi iwe na mlango mmoja tu wa kutokea. Mwenzetu wa uhasibu hajapata kusoma somo la ushairi, na sentensi yake ya "nami nimevaa rangi ya udongo" ingefaa kusomwa darasani.

Pia kuna suala la nani anahesabiwa kuwa na maarifa. Maswali ya kipindi cha Ufaransa yana haki ya kuwa ya Kifaransa. Yanatungwa kwa watu wa huko. Sisi tukiyatafsiri, tunajifunza kwamba kujua ni kujua Besançon. Tukitunga yetu, aliyevuka Nyabarongo kwa basi anajikuta anajua. Sisemi Hugo afukuzwe Gisozi. Nasema kwamba akija, aje kama Siti alivyokuja, na dokezo linaloweza kufikiriwa na mtu ambaye hajamsoma.

Kwa hiyo ninatoa mapendekezo matatu kwa kundi letu na kwa walimu wetu. Kwanza, jedwali la Jumapili liondolewe, au liwekwe la watungaji: kila mwisho wa wiki tuchague swali moja bora, na anayechagua aeleze kwa sentensi mbili ni kwa nini. Sababu hizo mbili zitatufundisha uhakiki kuliko alama mia. Pili, mji urudi. Usiku ambao swali limeshinda watu wote, mtegaji asitoe jibu kabla hajapewa mji na kuusimulia. Tatu, maswali yahifadhiwe. Sasa hivi yanapotea mtu anapobadilisha simu, na swali la Siti nimelipata kwa bahati, kwa kuwa mtungaji alikuwa ameliandika kwanza kwenye daftari. Vitendawili vya wazee tunavisoma leo kwa sababu kuna aliyekaa chini akavikusanya. Haya ya kwetu yanaandikwa kila usiku saa tatu, na hakuna anayeyakusanya. Idara ikitupa hata faili moja, mimi niko tayari kuanza kazi hiyo muhula huu.